Una Chupa?

Taka zikizungumzwa, lawama humwangukia mnunuzi: hana elimu, hajali, anatupa ovyo. Dawa nayo haibadiliki, ni semina, mabango na siku ya usafi. Toleo hili linahusu taka za dukani na sokoni, na hoja yetu ni kwamba mnunuzi wa Tanzania amerudisha vyombo dukani kwa miaka mingi bila semina yoyote. Anayetaka soda ya chupa ya kioo huulizwa kwanza, “Una chupa?” Asiyekuwa nayo huacha hela ya chupa, au hunywa palepale huku muuzaji akimtupia jicho. Chupa tupu huingia kwenye kreti, na gari lililoleta zilizojaa huondoka nazo zikaoshwe na kujazwa tena.

Plastiki ilipoingia, swali hilo likakosa kazi. Mnunuzi hulipia kinywaji na chupa kwa pamoja, kisha afanye nayo atakavyo. Anayeihangaikia ni kijana mwenye kiroba begani, ambaye huiuza kwa kilo, na kilo moja hutaka chupa zaidi ya 50 za nusu lita. Kwa malipo hayo huokota zilizo karibu na zisizojaa matope. Nyingine hungoja mvua izisombe hadi Mto Msimbazi, na kutoka huko baharini.

Wapo watakaosema katazo linatosha, kama lile la mifuko ya plastiki lililoanza Juni 1, 2019. Ni kweli, rambo zilitoweka madukani, tena upesi. Lakini kikapu kilikuwepo tayari, na maji ya kunywa hayabebwi kwa kikapu. Isitoshe, vifungashio laini viligeuzwa vibebeo mpaka navyo vikapigwa marufuku. Hata mfuko wa kitambaa tunaojivunia una deni lake: utafiti wa wakala wa mazingira wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 ulikadiria kuwa mfuko wa pamba hutakiwa kutumika mara 131 ndipo mchango wake katika joto la dunia ulingane na wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Iliyorundikana kabatini haijafika hata kumi.

Tunapendekeza hela ya chupa irudi, safari hii kwenye plastiki. Ujerumani ilianza mwaka 2003, senti 25 za yuro kwa chupa, na karibu zote hurudishwa. Kwamba mpango huu utamuumiza maskini, hatukubali: anayerudisha anarudishiwa chake, na chupa iliyotupwa na mwenye nazo inakuwa malipo ya mwokotaji, anayehesabiwa kwa chupa badala ya kilo.

Pingamizi zito ni la mwenye duka. Kibanda chake ni kidogo, chupa tupu inakula nafasi sawa na iliyojaa, na ikishapondwa ni shida kujua kama hela yake ililipwa. Kreti zilikuwa na gari la kuzifuata. Chupa za plastiki huuzwa hata kwenye foleni za magari, mkononi mwa machinga. Kwa hiyo mwenye duka alipwe ujira kwa kila chupa anayoipokea, na mlipaji awe kiwanda, maana ndicho kilichookoa gharama za kuosha na kusafirisha chupa tupu kilipohamia plastiki. Ujira huo ukiwa kiduchu, wenye maduka watakataa kuzipokea, na hapo sheria iliyoandikwa vizuri namna gani haitasaidia.