Miritini, Tusikubali Tena Mjane Kuulizwa Cheti Mlangoni

Kanta ilikuja asubuhi, siku chache tu baada ya mazishi, ikaegeshwa mbele ya nyumba moja ya mtaani kwetu, si mbali na barabara iendayo stesheni ya SGR. Ndugu za marehemu waliteremka wakaingia ndani bila hodi. Wakatoa kabati, televisheni, godoro la watoto, friji. Mwisho wakatoa mtungi wa gesi ambao mwanamke wa nyumba ile aliutumia kukaangia viazi karai kila jioni pale njiani. Karai lenyewe wakamwachia, na mafuta ya jana yakiwa bado ndani. Nilipofika, friji ilikuwa juu ya gari tayari na kijana mmoja wa papa hapa mtaani alikuwa akisaidia kuifunga kamba. Nikawauliza wana amri gani ya mahakama. Mkubwa wao akanijibu bila hasira: "Haya ni mambo ya familia. Kwani yeye ana cheti?" Wakapiga kufuli mpya mlangoni, wakaondoka.

Mama huyo ameishi na marehemu zaidi ya miaka kumi. Watoto watatu wanabeba jina la baba yao. Mabati ya vyumba vya nyuma aliyanunua kwa zamu yake ya chama, na kila jirani anajua, maana tuliyabeba wote kutoka barabarani. Lakini karatasi ya nyumba ina jina moja. Ni nyumba bila shamba, yaani jengo bila ardhi, kama nyingi za kwetu, mauziano yaliandikwa mbele ya mzee wa mtaa, na aliyetia sahihi ni mwanamume peke yake. Kwenye yadi ya makontena alikofanya kazi marehemu, mama alielezwa kwamba bila cheti cha ndoa hakuna mazungumzo ya malipo. Barua ya kuwataja warithi ilikwisha kuandikwa huko bara kwao marehemu, na ndani yake hayumo.

Mtu akifa, sisi wa Miritini tunajua kukaa matanga, kuchanga na kupika. Safari hii tulikula matanga ya mtu, kisha tukatazama mkewe akitolewa nje.

Sababu za watu kuishi bila karatasi hazihitaji mkutano. Mahari imepanda, harusi imekuwa mashindano, kazi za bandarini na za yadi ni za kibarua. Vijana wanapanga chumba pamoja kwa kugawana kodi, mtoto anazaliwa, miaka inakwenda. Njoo tukae imekuwa ndoa ya watu wengi sana hapa, na sote tunaiita ndoa mpaka siku mmoja anapokufa au anapofukuzwa.

Sheria nayo inasemaje? Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya sita hakuna. Kwa miaka mingi mahakama ndizo zilizowafunika walioachwa nje. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilimtambua kuwa mke mwanamke aliyeishi na rubani kwa miaka tisa na kuzaa naye watoto wanne, kwa hoja kwamba walioishi muda mrefu kama mke na mume wachukuliwe kuwa wameoana. Hoja hiyo iliokoa wengi. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliibana. Ilisema dhana hiyo inaelekea kufa, itumike kwa nadra, na anayedai ndiye athibitishe: mliishi muda mrefu, mlikuwa huru kuoana, mlikusudia kuoana, mlikubaliana, na watu waliwajua kuwa mke na mume. Mwaka 2021 Bunge lilikuwa limekwisha kubadili Sheria ya Urithi ili mke au mume awe yule anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa. Walioshabikia mabadiliko hayo walisema wanafunga mlango kwa mipango ya kando. Mlango uliwafungia pia akina mama wa viazi karai.

Hukumu hiyo ya 2023 ina sehemu mbili ambazo hazisemwi sana. Ya kwanza, majaji walikataa kuwa palikuwa na ndoa, lakini waligawa nyumba iliyobishaniwa kwa kutazama jasho la kila mmoja: mwanamke asilimia 70, mwanamume 30. Kumbe hata asiye na cheti ana haki ya alichochangia, akiweza kukithibitisha. Ya pili, Mahakama ililitaka Bunge na Mwanasheria Mkuu watunge sheria ya watu wanaoishi pamoja muda mrefu bila ndoa, ieleze haki zao na wajibu wao. Bunge limepata muda wa kupitisha mengi tangu hapo. Hilo halijalipitisha.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Vuka Lungalunga uingie Horohoro. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi wakajulikana kuwa mke na mume, wachukuliwe kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ndoa isipothibitika, mwanamke anaweza kudai matunzo. Watanzania hawakuacha kuoa kwa sababu hiyo. Misikiti na makanisa yao yamejaa harusi.

Najua mashekhe wangu na wachungaji wangu watasema: hao wanaishi katika dhambi, sheria isiwatukuze. Nawaheshimu, na katika mafundisho ya ndoa sishindani nao. Lakini nani anatukuzwa pale anaponyang'anywa mtungi wa gesi? Mwanamume aliyekataa kuoa miaka yote hiyo amekufa na heshima yake, amezikwa kwa dua. Adhabu yote imemwangukia mwanamke na watoto. Mwezi Juni 2025, katika kesi ya mirathi iliyoanzia hapa hapa Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu ya jinsi walivyozaliwa. Wapo waliokasirika. Mimi nilifurahi, kwa sababu mtoto hakuchagua. Sasa nauliza: mtoto apate fungu, mama anayemlea alale wapi?

Na sitawasemea wale tu wanaoweza kuoana ila wamechelewa. Kuna majirani zetu ambao hata wakitaka kwenda kwa msajili kesho, hawatafunguliwa. Ni wanaume wawili walioshirikiana maisha, au wanawake wawili. Ibara ya 45 ya Katiba inataja ndoa na mtu wa jinsia nyingine, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ikisema kuvifuta kungekaribisha miungano inayopingana na ibara hiyo. Mtwapa, Februari 2010, uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili ulitosha kukusanya kundi likavamia kliniki na watu wakapigwa. Lakini Mahakama Kuu ikiketi Mombasa mwaka 2011, chini ya Jaji Jackton Ojwang, ilitambua ndoa ya kimila ya Kinandi ambayo mwanamke humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate mrithi, na ikamlinda aliyeolewa katika mirathi. Ndoa ile si ya mapenzi baina ya wanawake, na Wanandi watakukanya ukidai hivyo. Naitaja kwa sababu jaji aliangalia nyumba iliyokuwapo, akauliza nani aliishi ndani yake na kwa makubaliano gani.

Nasema wazi, na najua nitakemewa: watu wawili wazima waliochaguana, wakauguzana, wakajenga pamoja, wanastahili ulinzi uleule ninaoutaka mimi. Wapate kuketi kando ya kitanda cha hospitali. Wapate kuzika. Wapate kubaki katika nyumba waliyoilipia. Kama hatuko tayari kukubaliana juu ya harusi yao, basi tukubaliane leo kwamba hakuna mtu wa Miritini atakayetolewa nje na kanta kwa sababu hatupendi aliyeishi naye. Haki inayobagua nani alie na nani asilie si haki.

Tufanye nini? Kwanza, tujue kwamba kile walichofanya wale ndugu ni kosa. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Neno "familia" halimo katika kifungu hicho. Gari likija, tusimame mlangoni. Wazee wa mtaa wawe mbele, akina mama wa chama nyuma yao, mmoja apige picha za nambari ya gari na za kila kitu kinachotolewa, mwingine aende polisi kuandikisha. Na wewe kijana wa kufunga kamba, shusha mkono. Elfu moja ya kupakia friji ya mjane haitakufikisha popote.

Pili, karatasi. Wanaoishi pamoja, mwende kwa mzee wa mtaa mkaandike upya mauziano ya nyumba, majina mawili, sahihi mbili, mashahidi wa pande zote mbili. Risiti za mabati, za saruji, za fundi, zisikae mfukoni mwa mtu mmoja. Ujumbe wa M-Pesa wa kodi na wa karo msiufute. Kitabu cha chama kiandike pesa zimekwenda kununua nini, maana siku moja kitasomwa mahakamani. Kwenye fomu za NSSF, za sako na za kazini, angalieni aliyetajwa ni nani, kwani wengi bado wamemwandika mama mzazi tangu walipokuwa vijana. Na majirani tuwe tayari kula kiapo kwa wakili kwamba tuliwajua hawa kuwa mke na mume. Mahakama ya Juu imesema wazi kwamba watu kuwajua hivyo ni sehemu ya ushahidi. Kimya chetu kinaweza kumnyima mtu nyumba.

Wanaoweza kufunga ndoa, wafunge. Mashekhe na wachungaji, hapa ndipo tunapowahitaji: fanyeni ndoa za pamoja, bila hema la kukodi wala sare, mahari ile mtu anayoiweza. Ndoa za kimila nazo zinaandikishwa kwa msajili tangu Agosti 2017, na wengi waliolipa mahari kwa wazee hawajui kwamba wanatakiwa kwenda.

Asiye na pesa za wakili asikate tamaa. FIDA Kenya, shirika la wanasheria wanawake, lina ofisi Mombasa, na kuna Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Nendeni mapema, kabla ya matanga kuisha.

Tatu, Bunge. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni ili sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Hakuna sharti la kuwa msomi. Tuandike ombi moja la Jomvu nzima, Miritini, Mikindani na Jomvu Kuu, tudai sheria ile Mahakama ya Juu iliyoiagiza, na tudai iandikwe kwa ajili ya kila wawili walioishi pamoja, isitaje jinsia wala kabila wala dini. Tumpe mbunge wetu mkononi, mbele ya watu, aseme ataliunga au hataliunga. Wagombea wengine nao waulizwe swali hilohilo katika kila baraza.

Msiniambie sisi ni wadogo. Watu wa Owino Uhuru, majirani zetu kabisa, walikuwa maskini kuliko wengi wetu walipoanza kulalamikia sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Walidharauliwa miaka. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaipindua, nao hawakurudi nyumbani kulala, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipowarudishia ushindi wao. Walishinda kwa sababu walisimama kama mtaa.

Akina baba, nawageukia ninyi kwa mkazo. Unayesema "mke wangu anajua nampenda", sheria haijui. Ukifa usiku wa leo barabarani hapo Mazeras na lori lako, kesho ndugu zako, hao hao unaowasifu, watauliza cheti. Usimwachie mwanamke aliyekuosha ukiwa mgonjwa kazi ya kuthibitisha kwa wageni kwamba alikuwa wako. Na ninyi ndugu za marehemu mnaokuja na magari, mnawatoa watoto wa damu yenu kwenye godoro lao, kisha mnajiita familia!

Ewe unayesoma haya na unaishi na mtu bila karatasi, msomee leo usiku. Kesho mwende wawili kwa mzee wa mtaa, mkaandike jina la pili.