Kijana wa Malindi, acha kulaumu kabureta

Wewe unayezunguka Malindi na Kilifi ukitafuta kibarua, hebu nisikize. Mvua za masika zikikaribia, wakulima wa Magarini wote wanataka kulimiwa kwa wakati mmoja, na trekta nyingine ni za kitambo, kama Massey Ferguson 135 iliyoanza kuundwa 1964. Ikizimika shambani, utasikia: "Ni kabureta!" Kabureta gani? Hiyo ni ya petroli, kama kwenye bodaboda. Trekta ya dizeli ina pampu na nozeli, na mara nyingi shida huwa maji, uchafu au hewa kwenye mafuta.

Anzia kwenye tangi: mafuta yamo? Koki iko wazi? Mwaga maji yaliyotuama chini ya filta. Legeza skrubu ya hewa juu yake, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kisha kaza. Rudia kwenye pampu ya nozeli.

Mkulima anaweza kumsubiri fundi wa mjini siku tatu, lakini mvua haimsubiri yeye. Huo ufundi unaouita wa kizee ni riziki. Tafuta fundi, umshikie spana msimu mmoja.