Dawa ya Usingizi na Tiba ya Umeme

Jamaa wakiambiwa ya kuwa mgonjwa wao wa akili atatibiwa kwa umeme, mara nyingi huomba neno moja tu: «Mlazeni usingizi mzito, asisikie kitu.» Ombi hilo latoka katika mapendo, nasi hatulilaumu. Walakini yafaa wafahamu kwa nini mganga hawezi kulikubali lote.

Tiba hiyo ilianzia mjini Roma mwaka 1938, mikononi mwa Ugo Cerletti na Lucio Bini. Umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, na ubongo hutukutika kama wa mtu aliyeshikwa na kifafa. Mtukutiko huo ndio unaotafutwa. Kwa watu wenye huzuni kuu, waliokataa chakula au wanaotaka kujiua, hata leo ni moja ya tiba zenye nguvu kupita zote. Lakini siku zile za kwanza mgonjwa hakulazwa usingizi. Mwili ulirushwa kwa nguvu hata mifupa ya uti wa mgongo ikavunjika pengine. Mwaka 1940 mganga Mmarekani A. E. Bennett alitumia kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, ili kulegeza misuli. Mwaka 1952 waganga wa Uswidi walieleza dawa nyingine, suksametonio, ambayo nguvu yake hupita baada ya dakika chache. Mifupa ikasalimika.

Hapo likazuka jambo la kutisha. Mtu aliyelegezwa misuli bila kulazwa hawezi kuinua kidole, hawezi kusema, hata kuvuta pumzi hawezi. Naye yu macho! Kwa hiyo dawa ya usingizi hutangulia, ya kulegeza hufuata, na oksijeni hupulizwa mpaka mgonjwa avute pumzi mwenyewe. Nchi ya India, kwa sheria yake ya mwaka 2017, imekataza tiba hii isifanywe bila dawa hizo mbili, nasi twaona imefanya vema.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Dawa nyingi za usingizi ni ndugu za zile zinazotuliza kifafa. Kipimo kikizidi, ubongo hukataa kutukutika, au hutukutika kidogo mno, na tiba haifai kitu. Ndipo mganga hulazimika kuongeza umeme, na umeme ukizidi, usahaulifu nao huzidi. Kipimo kikipungua, mgonjwa aweza kuwa macho hali amelegea. Njia iliyo katikati ni nyembamba. Metoheksitali imependwa miaka mingi kwa sababu hulaza upesi, huacha upesi, wala haizuii sana mtukutiko. Propofoli huufupisha, lakini hutuliza moyo na mkazo wa damu, ambao hupanda sana wakati ule. Etomidati huelekea kuurefusha. Ila hupunguza kazi ya tezi zilizo juu ya mafigo. Ketamini haiuzuii, bali hupandisha mkazo wa damu, na wengine huamka wakiona njozi. Kwa hiyo mganga huchagua kwa kutazama moyo na umri wa huyu aliye mbele yake, tena huandika mtukutiko ulidumu sekunde ngapi, apate kurekebisha kipimo safari ijayo.

Nanyi jamaa mnayo kazi. Mwambieni mganga vidonge vyote mgonjwa anavyomeza nyumbani, hasa diazepamu na vya namna yake, kwani navyo huzuia mtukutiko. Lakini msimwachishe wenyewe bila shauri, maana kuviacha ghafula kwaweza kuleta kifafa cha kweli. Tena, akiambiwa asile tangu usiku, asile. Twawajua akina mama wanaoficha uji chini ya kitenge kwa kumhurumia mtoto wao. Mtu aliyelazwa huku tumbo limejaa aweza kutapika, na matapiko kuingia mapafuni. Uji huo umngojee mpaka atakapoamka. Ataamka amechanganyikiwa kwa kitambo, pengine atauliza mara tatu yuko wapi. Mjibuni mara zote tatu.