Mgonjwa Anayenyamaza Hana Kosa

Imani iliyoenea Unguja na Pemba, na pwani yote kwa jumla, ni kwamba mgonjwa anayemficha daktari mambo yake anajidhulumu mwenyewe. Methali mbili huletwa kuwa ushahidi: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mwanamume anayelala na wanaume wenzake, au mwanamke anayependa wanawake, imani hiyo hugeuka hukumu. Akichelewa kutibiwa, akizidiwa, hata akifa, lawama ni yake, maana angesema mapema. Hukumu hiyo ni dhuluma, na kitabibu ni hatari.

Methali ya kwanza inamhusu mzazi aliye mbele ya mkunga, na ndani yake mna sharti ambalo wanaoitaja hulisahau: mkunga awe mtu wa stara. Anayetakiwa kuvua nguo ana haki ya kujua kwanza nani anamtazama na yatakayoonekana yataishia wapi. Pasipo stara, kuficha ni kujilinda.

Kijijini stara hiyo ni adimu. Mangapwani, kwa mfano, ni kijiji cha kaskazini ya Mji Mkongwe, umbali wa kilomita kama 20, na wageni wanakijua kwa pango lake na chumba cha kufichia watumwa. Kwa mgonjwa, kijiji cha namna hiyo kina sura nyingine. Anayeandika majina kwenye daftari la wagonjwa anaweza kuwa mtoto wa jirani, muuguzi akawa somo yake mama, na muuza dawa akasali safu moja na baba. Benchi la kusubiri linasikia kila kinachosemwa ndani. Mwenye nauli hupanda daladala kwenda mjini ambako hajulikani. Asiye nayo hununua vidonge dukani bila ya kupimwa. Wote wawili wamepiga hesabu, na hesabu yao si ya kipumbavu.

Sheria inaitilia nguvu hesabu hiyo. Mwaka 2004 Zanzibar ilirekebisha sheria yake ya adhabu, ikawaongezea adhabu wanaume wanaolala na wanaume wenzao na kuwatia wanawake wanaopenda wanawake katika kosa hilo. Tanzania Bara, adhabu ya kifungu cha 154 cha sheria ya adhabu inafika kifungo cha maisha. Februari 2017 Wizara ya Afya ya Bara ilivifungia vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za VVU kwa makundi haya, na Septemba mwaka huo huo polisi wa Zanzibar waliwakamata watu 20 hotelini, wanawake 12 na wanaume 8, waliokuwa kwenye mafunzo ya VVU. Aliyesikia kwamba mafunzo ya afya yanaishia mahabusu, kwa haki gani analaumiwa akinyamaza mbele ya muuguzi?

Baya kuliko yote ni daktari kugeuzwa mkono wa polisi. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale, Kenya, kwa tuhuma za namna hiyo, wakapelekwa hospitali ya Mombasa na kulazimishwa kupimwa njia ya haja kubwa ili upatikane ushahidi wa kuwashitaki. Mahakama Kuu ilihalalisha kitendo hicho mwaka 2016. Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ilikipiga marufuku Machi 2018. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2017, Jumuiya ya Madaktari Duniani ilikuwa imeshawataka madaktari waache vipimo hivyo, kwa kuwa havithibitishi lolote na ni udhalilishaji. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch limeandika habari za vipimo vya aina hiyo Tanzania pia. Tukio moja tu linatosha kufunga vinywa vya watu wa mkoa mzima.

Na ukimya una gharama, hilo halikataliki. Kisonono na klamidia huweza kukaa kooni au njia ya haja kubwa bila dalili yoyote, na kipimo cha mkojo kisivione. Homa ya ini aina ya B ina chanjo, lakini asiyeulizwa hashauriwi. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 miongoni mwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume ulikuta zaidi ya mmoja katika kila kumi ana VVU, wakati kiwango cha visiwani kwa jumla hakikufika asilimia 1. Wengine kati ya wanaume hawa wana wake, kwa hiyo siri ya mume ni afya ya mke pia. Mwanamke naye huulizwa kama ana mume, akisema hana, uchunguzi wa mlango wa kizazi husahauliwa, ilhali virusi vinavyoleta saratani hiyo huambukizana hata baina ya wanawake.

Wapo watakaosema kuwa mhudumu ana dini yake. Anayo, na hakuna anayemwomba fatwa. Dini hiyo hiyo inahimiza kumsitiri mtu. Tamko la Geneva, ambalo ni kiapo cha madaktari duniani tangu 1948, katika toleo lake la sasa linakataza mwelekeo wa kimapenzi wa mgonjwa usimame baina yake na wajibu wa daktari, na linamtaka atunze siri hata baada ya mgonjwa kufa.

Njia ya kurekebisha inajulikana, tena imejaribiwa pwani hii hii. Katika maeneo ya Kilifi na Mombasa watafiti waliwafundisha wahudumu wa afya zaidi ya 70 namna ya kuwauliza na kuwatibu wanaume wanaolala na wanaume, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa chuki ilipungua na ujuzi ukaongezeka ndani ya miezi 3. Mambo yenyewe si makubwa: mlango ufungwe, mgonjwa aambiwe kabla ya swali kwamba jibu halitatoka, na swali liwe moja kwa wote, wenye ndoa na wasio nayo, ili asiwepo anayeoneshwa kidole. Mgonjwa ambaye bado hana imani anaweza kutaja mahali panapouma na kuomba papimwe, bila kujieleza zaidi. Mhudumu mwema hatamlazimisha.

Wizara ya Afya Zanzibar iwape wahudumu wake mafunzo hayo, kuanzia hospitali ya Mnazi Mmoja hadi vituo vya vijijini, na imchukulie hatua kila anayetoa siri ya mgonjwa. Hadi hapo, asilaumiwe mgonjwa kwa kunyamaza.