Jukwaa la kozi si kabati la PDF

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Leo nina ugomvi.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, nilikuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, nikarudi nyumbani Homa Bay. Chuo chenyewe sikitaji. Tukaambiwa masomo yamehamia mtandaoni. Nikafungua jukwaa la kozi, nikakuta nini? Noti zilezile za mhadhiri, karatasi zilizopigwa skani, faili moja ya megabaiti zaidi ya 30. Nikanunua bando, likaisha faili likiwa nusu. Makala haya unayosoma, maneno yake yote, hayafiki kilobaiti 4. Piga hesabu mwenyewe.

Programu siilaumu. Moodle, inayotumiwa na vyuo vingi, ni programu huria iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia, na toleo lake la kwanza lilitoka 2002. Ina sehemu ya majadiliano, majaribio, hata blogu. Programu yake ya simu inakuruhusu kupakua somo ukalisome bila mtandao. Mtu akiigeuza kabati la PDF, kosa ni la nani?

Lakini hata likitumiwa vizuri, jukwaa lina kufuli. Unachoandika humo anakisoma mhadhiri, pengine na wenzako wachache, na ukishahitimu akaunti hufungwa. Miaka minne ya maandishi, kwaheri. Ndiyo maana nasema kila kozi iwe na blogu iliyo wazi, na alama tu ndizo zibaki ndani ya jukwaa.

Tazama huku kwetu. Kaunti ya Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake 2016. Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichopata yake 2022. Vyote viwili vimezungukwa na mambo ya kuandikwa! Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Hebu tafuta habari zake kwa Kiswahili, kisha uzihesabu. Magugu maji ya Ghuba ya Winam, je? Na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori wanaotumia zebaki? Mwanafunzi wa kemia akiandika insha safi kuhusu zebaki hiyo, anapewa alama 17 kwa 20, insha inaingia kwenye droo, basi. Mchimbaji aliyeihitaji hataiona kamwe. Ingekuwa kwenye blogu, kwa Kiswahili au Dholuo, mwanawe angemsomea kwenye simu.

Najua mtakachosema. Watanakili! Wananakili hata sasa, ila kwenye droo hakuna anayewagundua. Wataaibika wakikosea hadharani? Waruhusuni watumie majina ya kubuni, mhadhiri awe na orodha ya majina halisi.

Hoja moja tu siicheki: mhadhiri mwenye wanafunzi 200 hawezi kusoma blogu 200. Kweli kabisa, na anayemwambia aongeze saa za kazi bila malipo hamtakii mema. Basi wagawe vikundi vya watu watano, zibaki blogu 40. Kila kikundi kiandike mara moja kwa wiki mbili na kikosoe kazi ya kikundi kingine. Mhadhiri asome kumi kila wiki, kwa zamu, na kwa wiki nne atakuwa amezipitia zote. Noti azichape, aziweke kama maandishi ya kawaida. Skani apige picha za harusi.

Ijumaa nitaeleza hapa jinsi ya kusanidi WordPress iendeshe blogu nyingi kwenye seva moja kuukuu. Mhadhiri yeyote wa Rongo au Homa Bay mwenye seva ya namna hiyo anione, sitamlipisha.