Masikio ya mulinzi nayo ni masikio

Wakati walinzi wa mugodi wanapelekwa kwenye kiwanja cha kujifunza kupiga bunduki, kila kitu kinahesabiwa: bunduki, risasi, hata maganda yake. Masikio tu ndiyo hayahesabiwi. Siye tunaona ile si haki. Walinzi wale ni ndugu na shemeji zetu, na jioni wanarudi kulala mu nyumba zetu.

Mulio wa bunduki unapita desibeli 140. Tulinganishe: mutu anayefanya kazi saa 8 bila kuziba masikio, wanganga wanasema makelele yasipite desibeli 85. Yakiongezeka 3, saa zinakatwa nusu. 3 zingine, nusu tena. Ukifika 140, hakuna saa ya kuhesabu, pigo moja linaweza kutosha. Vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikisha kufa haviote tena, na munganga hana dawa yake. Kinachobaki ni ule mulio wa “nziii” usiku, wakati bengine wanalala.

Pamba kavu haisaidie kitu. Inafaa bushoni ya sponji: uisokote, uvute sikio juu, uiingize, uishike mpaka ivimbe. Juu yake uvae kaske ya masikio. Vyote viwili, zaidi kama mahali pa kupigia kuna kuta na paa.

Tunajua jibu: mwanaume hazibe masikio. Wachimbaji wanasema vile vile juu ya mashine ya kutoboa jiwe. Lakini chini ya udongo, masikio ndiyo yanasikia jiwe likilia juu ya kichwa kabla ya kuanguka. Nani anataka kushuka pamoja na mwenzake asiyesikia?

Jambo la pili halina makelele. Risasi imetengenezwa na madini yale yale ya ndani ya bateri ya motoka. Ukipiga, moshi na vumbi yake vinakaa kwa mikono, kwa ndevu, kwa mikono ya shati. Halafu mulinzi anakula mukate pale pale, anavuta sigara, anarudi nyumbani, mutoto anamurukia. Ile sumu inaharibu akili ya mutoto kuliko ya mukubwa. Mu mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa sababu vumbi ya risasi ilitoka kwenye mawe ya zahabu ambayo wazazi walikuwa wanasaga. Kiwanja cha bunduki hakileti vumbi nyingi vile, ni kweli, lakini njia ya kuingia mu nyumba ni moja.

Jua la Oktoba kila mutu analijua: maji ya kunywa, kofia yenye ukingo, miwani ili ganda la moto lisiingie ku jicho.

Nani alipe? Kampuni ya mugodi inasema ni kazi ya kampuni ya ulinzi, na ile ya ulinzi inasema mukataba hautaje masikio. Basi mukataba uyataje. Bushoni ni bei ndogo kuliko risasi za asubuhi moja. Siku ya kupiga, pawekwe ndoo ya maji na sabuni mbele ya chakula, kwani dawa ya kupakaa mikono haitoe vumbi ile. Na shati ya kiwanja ibaki inje ya nyumba, ifuliwe peke yake, si mu beseni moja na nguo za watoto.