Feza ya Taifa Hutolewa kwa Ruhusa ya Nani?

Juzi nilimsikia mwanafunzi mmoja akimwambia mwenzake: "Feza ya serikali haina mwenyewe." Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, maana neno hilo nimelisikia hata kwa watu wazima, nalo huleta hasara kubwa. Basi leo tutazame pamoja namna taifa letu linavyotoa ruhusa ya kutumia feza yake kila mwaka.

Zamani ruhusa hiyo haikuwa mikononi mwetu. Sheria kuu ya ukoloni ya tarehe 18 Oktoba 1908 iliagiza kwamba hesabu ya mapato na matumizi ya Kongo ikatwe kila mwaka kwa sheria, ndiyo kusema na Bunge la Ubelgiji kule Brussels. Wazee wetu walilipa kodi, lakini hawakuwa wamewachagua watu waliopiga kura juu ya feza hiyo.

Leo Katiba ya mwaka 2006 imeweka njia nyingine. Serikali hutayarisha mradi wa sheria ya feza, na ndani yake imo bajeti: upande mmoja mapato yanayotazamiwa, upande wa pili matumizi. Mradi huo lazima ufikishwe mezani pa Bunge la Taifa, Kinshasa, tarehe 15 Septemba isijapita. Siku hiyo ndipo kikao cha bajeti kinapoanza, nacho hufungwa tarehe 15 Desemba. Wajumbe, wale tunaowaita madepite, huuchunguza na kuupigia kura. Seneti nayo hufanya vivyo hivyo. Mjumbe akitaka kuongeza matumizi mahali fulani, sharti aonyeshe pia feza ya kuyalipia itatoka wapi. Mwisho Rais wa Jamhuri huitangaza sheria, ipate kuanza kazi tarehe 1 Januari.

Je, mambo yakichelewa? Ikiwa Serikali ndiyo iliyochelewa kuleta mradi, haina haki ya kujifungulia sanduku; huliomba Bunge ruhusa ya muda. Ikiwa mradi uliletwa kwa wakati lakini kura haikupigwa, Rais huutia nguvu, akiyafuata masahihisho yaliyokwisha kukubaliwa na kila baraza. Kwa hiyo ugomvi wa wakubwa usiwe sababu ya kufunga hospitali.

Jambo hili si geni kwetu. Katika chama cha kusaidiana cha mtaa, mweka sanduku hatoi feza mpaka wenzake wamekubali, na mwisho wa mwaka husimama mbele yao na kuisoma hesabu. Akisoma vibaya, wanachama humwuliza. Hakuna anayesema kwamba sanduku halina mwenyewe.

Lakini tusidanganyike: kura ya bajeti ni ruhusa ya kulipa, siyo malipo yenyewe. Katiba yetu inasema kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni bure, na tangu Septemba 2019 neno hilo lilianza kutimizwa. Hata hivyo, mwalimu ambaye yuko darasani, lakini jina lake haliko katika orodha ya mishahara, hawezi kununua unga kwa kura ya madepite. Kodi isipoingia, au feza ikipelekwa penginepo, mstari wa bajeti hubaki wino juu ya karatasi.

Ndiyo sababu Katiba iliweka kazi ya pili. Kila mwaka Korti ya Hesabu huleta mbele ya Bunge hesabu kuu ya Jamhuri pamoja na maneno yake juu yake, na hesabu hiyo hukatwa kwa sheria. Hapo ndipo yaliyoruhusiwa hulinganishwa na yaliyotendeka.

Wazazi na wanafunzi, mjumbe wetu atakaporudi nyumbani baada ya kikao, tusimpokee kwa ngoma tu, wala tusimwombe fulana na vinywaji. Tumwulize kwa heshima maneno matatu: Shule yetu na zahanati yetu zimo katika mstari gani wa bajeti? Ruhusa ilikuwa ya feza ngapi? Nazo zilizofika ni ngapi? Akishindwa kujibu leo, tumpe nafasi ya kutafuta, kisha tumwulize tena.